Salamu kwa Mnunuzi Asiyeishika Karatasi: Uhakiki wa Kadi za Kiswahili, Mwembe Tayari, Mombasa

Utangulizi

Uhakiki wa maandishi ya Kiswahili kwa muda mrefu umeelekezwa kwenye tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia. Maandishi mafupi ambayo watu huyanunua, huyatuma na kuyahifadhi masandukuni yamepewa nafasi ndogo, isipokuwa majina ya leso, ambayo wataalamu kadha wa kadha wamekwisha kuyaandikia. Kadi ya salamu imo katika kundi hilo lililosahauliwa. Huhesabiwa kuwa bidhaa ya dukani wala si utungo. Na kwa kuwa maneno yake hayapiti mistari miwili au mitatu, hudhaniwa kwamba hayana jambo la kumshughulisha mtaalamu wa lugha.

Dhana hiyo ni potofu. Kadi ni utungo wenye mtunzi, mtumaji na mpokeaji, na watu hao watatu ni nadra kuwa mtu mmoja. Mtunzi huandika maneno ambayo mtu mwingine atayafanya kuwa yake mbele ya mtu wa tatu. Tatizo hili ni la kifasihi kabla halijawa la kibiashara. Nalo limeongezeka uzito siku hizi ambapo kadi huuzwa kwa njia ya picha katika simu, mnunuzi asiishike wala kuifungua. Hoja ya makala haya ni kwamba kadi nyingi za Kiswahili zinazouzwa kwa njia hiyo hushindwa kwa maneno kabla hazijashindwa kwa rangi, na kwamba kipimo cha kuzirekebisha kipo karibu sana na mahali zinapotokea.

Mahali na mnunuzi

Mwembe Tayari, katika kisiwa cha Mombasa, panafaa kwa uchunguzi wa jambo hili kwa sababu moja iliyo wazi. Hapo pana ofisi za mabasi yaendayo Nairobi na mengine yavukayo mpaka kuingia Tanzania, na basi halichukui abiria peke yao. Huchukua vifurushi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, biashara ya mtu na mtu wasioonana imekuwa jambo la kila siku: mnunuzi aliye bara huiona bidhaa katika WhatsApp au Instagram, huuliza bei, hulipa kwa simu, na kifurushi hupakiwa basini. Asubuhi yake hukipokea kwenye dirisha la vifurushi mwisho wa safari. Kadi za Idi, za harusi, za uzazi na za kuwatakia heri watahiniwa husafiri kwa njia hii pamoja na madira, viatu na halua.

Mnunuzi wa namna hii si sawa na yule aingiaye dukani. Wa dukani huipapasa karatasi, huifungua kadi, husoma ndani, huirudisha, kisha huchukua nyingine. Mikono yake humsaidia kuamua. Wa simuni hana mikono. Anachokiona ni picha ndogo, labda ya ukubwa wa kidole gumba, miongoni mwa picha nyingine nyingi zinazopita upesi. Maneno yaliyochapishwa ndani ya kadi hayapo kwake. Unene wa karatasi haupo. Dhahabu ing'aayo hugeuka kahawia. Kwa hiyo lile neno lililo juu ya jalada ndilo linalobeba mzigo wote.

Wabunifu wengi wamelielewa tatizo hili nusu. Wameona kwamba picha ndogo inataka kitu kikubwa, nao wamekuza mchoro. Neno wameliacha liwe lolote. Matokeo yake ni kadi zifananazo kwa sura na kwa usemi, zisizompa mnunuzi sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine isipokuwa bei.

Maudhui: salamu zilizotafsiriwa

Kosa la kwanza ni la maudhui. Kadi nyingi hutengenezwa kwa violezo vilivyobuniwa kwa Kiingereza, na maneno yake hutiwa Kiswahili kama vile mtu anavyobandika lebo mpya juu ya chupa ya zamani. Chukua kadi ya mgonjwa. Maneno yanayoonekana mara kwa mara ni "Pona haraka". Kisarufi hayana kasoro. Lakini Mswahili amwendeapo mgonjwa hamwamrishi apone, tena haraka, kama kwamba uponaji ni kazi aliyoizembea. Husema "Pole", au "Ugua pole", au "Mola akuafu". Yaweza kudaiwa kwamba "Ugua pole" nayo ni amri. Ni kweli, ila haimtaki mgonjwa atende lililo nje ya uwezo wake. Humtakia kwamba ugonjwa wenyewe uwe mwepesi. Ama "Mola akuafu" huiondoa kazi ya kuponya mikononi mwa mgonjwa na kuiweka panapostahili kwa imani ya wasemaji.

Kadi ya msiba hudhihirisha kosa hilo kwa uchungu zaidi. Tafsiri ya namna ya "Samahani kwa kumpoteza mpendwa wako" humfanya mtumaji aombe msamaha, kana kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo. "Samahani" katika Kiswahili ni neno la mkosaji. Neno la mwenye kushiriki huzuni ni "pole", na pwani lipo pia neno "makiwa", ambalo kwa silabi tatu humwambia mfiwa yote yanayohitaji kusemwa mlangoni. Hakuna kiolezo chochote cha kigeni kilichoacha nafasi ya neno "makiwa", na kwa sababu hiyo huachwa nje.

Si kila tafsiri, hata hivyo, ni ya kulaumiwa. Sherehe ya siku ya kuzaliwa si desturi kongwe kwa Waswahili walio wengi, na usemi wake haukurithiwa. "Heri ya siku ya kuzaliwa" ulihitajika, ukaundwa, ukaenea. Udhaifu wake ni mwingine: ni msururu wa majina na viunganishi usio na mtu ndani yake. Haujulikani ni nani anayetakiwa heri wala ni nani atakayemletea. Ulinganishwe na "Mola akuzidishie umri". Herufi zake ni karibu sawa, 20 kwa usemi wa kwanza na 19 kwa wa pili, kwa hiyo mbunifu hana haki ya kulalamika kwamba nafasi haimtoshi. Tofauti ni kwamba usemi wa pili una mtendaji, una mtendewa, na una jambo linaloombwa.

Fani: neno moja lenye sentensi ndani yake

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoweza kumfaa mbunifu kuliko anavyodhani. Malalamiko yasikikayo ni kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa kadi, na kwamba herufi zikipunguzwa ukubwa hazisomeki simuni. Malalamiko haya hutokana na kutafsiri neno kwa neno. Kiswahili kikiachwa kijitungie chenyewe, kitenzi kimoja hutosha kuwa sentensi nzima.

Mfano mzuri ni dua ya pwani kwa mtu aliyepata mtoto: "Akukuzie". Kiambishi a- ni cha Mungu, ambaye hana haja ya kutajwa. -Ku- ni cha mzazi. -Kuz- ni kiini chenye maana ya kufanya kukua. -I- ni cha kauli ya kutendea, yaani ukuzaji huo uwe kwa faida ya mzazi. Na -e ni alama ya dua. Mtoto mwenyewe hakutajwa, wala haiwezekani kumkosa. Herufi nane tu! Zikiandikwa kwa ukubwa unaostahili katikati ya jalada jeupe zitasomeka katika picha ya ukubwa wa kidole gumba, na msomaji wa Kiswahili hatahitaji mchoro wa chupa ya maziwa wala wa korongo aliyebeba furushi mdomoni, ndege ambaye katika ngano za Waswahili hana habari yoyote na uzazi. Wazazi wakiwa wawili, herufi mbili hubadilika na usemi huwa "Awakuzie". Katika kadi nyingi zilizopo, mahali pa neno hili pameandikwa "Hongera kwa mtoto mchanga".

Yale yaliyosemwa juu ya korongo yanahusu michoro mingine pia. Kadi za Idi huwa na makuba mengi na minara myembamba iliyochongoka kama kalamu, mtindo wa misikiti ya Uturuki. Mji wa Kale wa Mombasa una Msikiti wa Mandhry, ulioanzishwa yapata mwaka 1570, wenye mnara mnene, mweupe, wa mviringo, unaopungua kadiri unavyopanda. Umbo hilo ni sahili kiasi kwamba hata likipunguzwa sana halipotei, nalo humwambia mtu wa Mombasa aliye Muscat au London kwamba kadi hii imetoka kwao. Mbunifu anayeutafuta mnara katika hazina ya picha za kigeni ilhali huu umesimama umbali wa kutembea kwa miguu anajinyima kitu ambacho mshindani wake wa mbali hawezi kumwiga.

Leso kama kipimo

Mwendo mfupi kutoka Mwembe Tayari upo Mtaa wa Biashara, makao ya wauza leso. Hapo ndipo jina la Kaderdina Hajee Essak lilipojulikana, duka lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na ambalo alama yake, "Mali ya Abdulla", imesomwa na vizazi vya wanawake wa pwani. Leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Nguo yenyewe kwa muda mrefu ilichapishwa mbali, Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na mchapaji wa huko hakujua Kiswahili. Lakini jina lilitoka huku. Mfanyabiashara aliyeagiza nguo ng'ambo alijua kwamba rangi peke yake haimtoshi mnunuzi, kwa maana mnunuzi akishika leso huuliza, "Jina lake nani?"

Mafunzo matatu yapatikana katika leso. La kwanza ni ufupi: jina huwa mstari mmoja. La pili ni uwazi, yaani kumwachia mvaaji nafasi ya kutia maana yake. Usemi kama "Mgeni njoo, mwenyeji apone" waweza kuvaliwa na mama anayempokea mkwe, au kupewa dada aliyerudi safari, na kila mmoja akawa amesema lake. La tatu ni adabu ya muuzaji. Alama ya "Mali ya Abdulla" huandikwa kwa herufi ndogo, na jina la leso kwa kubwa. Katika picha nyingi za kadi zinazouzwa simuni mambo yamepinduliwa: jina la muuzaji na nambari yake ya simu hupita katikati ya salamu, na mnunuzi anayetaka kusoma dua husoma tangazo.

Zipo kadi zinazodai kufuata leso moja kwa moja, zile zinazobandikwa kipande cha nguo juu ya karatasi ngumu. Hupendwa na wageni, na kwa rangi zake hupendeza. Lakini kipande cha mraba mdogo hakiwezi kubeba pindo, mji na jina kwa pamoja. Kinachokatwa ni ua, na kinachobaki katika takataka za meza ni maneno. Kadi hiyo ni leso iliyonyamazishwa.

Hata hivyo leso haipaswi kuigwa bila tahadhari. Uwazi wake ndio unaoifanya iwe silaha pia. "Kuzaa si kazi, kazi kulea" ni methali ya hekima, na katika leso huweza kuwa nasaha, sifa au kijembe, kutegemea aivaaye na apitaye. Ikiandikwa juu ya kadi ya uzazi na kutumwa kwa wifi, nani atajua imekusudia nini? Mvaaji wa leso yupo pamoja na nguo yake, na uso wake hufasiri. Mtumaji wa kadi hayupo. Kwa hiyo kadi ichukue kutoka katika leso ufupi, uwazi na adabu, iyaache mafumbo.

Nafasi ya majina

Pingamizi moja lapaswa kujibiwa hapa. Husemwa kwamba hakuna haja ya kununua kadi ikiwa picha za salamu hupatikana bure na kutumwa kwa watu mia kwa mguso mmoja. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake lipo ndani yake lenyewe. Picha iliyotumwa kwa watu mia haikutumwa kwa mtu. Kila mpokeaji wa picha kama hiyo asubuhi ya Idi hujua kwamba hakukumbukwa yeye, bali orodha iliyomo yeye. Anayenunua kadi hununua kule kuitwa kwa jina.

Hili si jambo geni. Kadi ya Krismasi iliyochapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, na kuchorwa na John Callcott Horsley, iliacha nafasi ya kuandika jina la mpokeaji na la mtumaji. Kampuni ya Moonpig, iliyoanza Uingereza mwaka 2000, ilijengwa juu ya wazo hilohilo: mnunuzi wa mtandaoni aandike jina lichapishwe ndani ya kadi. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kadi yake. Katika vipindi vya salamu vya redio za Kenya na Tanzania wasikilizaji walinunua kadi maalumu, wakajaza jina lao, mahali walipo, orodha ya wanaosalimiwa na ujumbe. Kadi hizo hazikuwa na pambo la kusifika. Zilipendwa kwa sababu ya ile mistari mitupu, ambamo watu walijipa lakabu na kusalimia ukoo mzima kwa pumzi moja.

Mbunifu wa leo anayemruhusu mnunuzi achague jina atakuta kwamba jina halitoshi. Waswahili huitana kwa nasaba. Kiolezo cha Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba na dada wa mama, na mtafsiri huwaita wote "shangazi". Dada wa mama ni halati, au mama mdogo, au mama mkubwa, kwa kadiri ya nyumba na umri. Vivyo hivyo ndugu wa baba ni ami au baba mdogo, na wa mama ni mjomba, na haki zao haziko sawa. Anayempelekea halati yake kadi iliyoandikwa "Kwa shangazi mpenzi" amemtumia kadi ya mtu mwingine. Kadi inayomwezesha mnunuzi kuchagua kati ya shangazi, halati, ami, mjomba, wifi, shemeji, mkwe na somo itakuwa imefanya jambo ambalo hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachokumbuka kulifanya.

Lahaja nayo yaingia hapa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokubali Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na tangu hapo Kimvita kimebaki nyumbani, katika mazungumzo na ushairi. Maandishi ya shule yana sababu ya kushikilia "njia" badala ya "ndia", na "macho" badala ya "mato". Kadi haina sababu hiyo. Ni mazungumzo ya nyumbani yaliyotiwa katika bahasha. Mbunifu wa Mwembe Tayari anaweza kuwa na kadi ya Sanifu kwa mnunuzi wa Nakuru na ya Kimvita kwa mnunuzi wa Kibokoni au mwanawe aliye Omani, bila ya gharama kubwa, kwa kuwa kinachobadilika ni mstari mmoja.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mnunuzi asiyeishika karatasi humlazimisha mbunifu kulitegemea neno, na kwamba neno la kutafsiriwa halistahimili mzigo huo. Lawama, hata hivyo, zisiwaelekee wabunifu peke yao. Mchapaji anayetafuta dua ya uzazi au salamu ya msiba kwa Kiswahili fasaha atazikuta zimetawanyika katika kamusi, pasipo kuelezwa husemwa na nani, kwa nani na wakati gani. Idara za lugha zimekusanya methali na vitendawili. Salamu na dua fupi za mlangoni hazijakusanywa kwa bidii hiyo, na wazee wanaozijua wanapungua.

Mkusanyo wa namna hiyo ungeanza na mambo madogo. Kwa mfano, watoto wa pwani siku ya sikukuu hupita nyumba kwa nyumba wakidai "mkono wa Idi", nao hupewa fedha. Bahasha ndogo ya kutilia fedha hizo, iliyoandikwa maneno hayo matatu tu, isiyo na kuba wala taa ya dhahabu, ingeeleweka simuni kabla mnunuzi hajaivuta picha kuikuza. Maneno hayo yanajulikana na kila mtoto wa Mombasa. Yanamngoja mchapaji.